Kazi ya Kivulini

Mama yangu ana maneno ambayo kila mwanamke wa meza yake ya kufungia miraa ameyakariri: "Mtoto wangu anafanya kazi kivulini." Huyasema akiulizwa habari zangu, na huyasema asipoulizwa. Siku moja mchungaji mgeni alikuja kanisani kwetu Maua, akataka watu wasimame waseme wanamshukuru Mungu kwa lipi. Mmoja alishukuru kwa kupona, mwingine kwa mvua. Mama yangu akasimama, akatengeneza kitambaa chake kichwani, akashukuru kwa kivuli changu. Nilijifanya natafuta kitu chini ya benchi mpaka akaketi.

Mimi nilikuwa nacheka, lakini kwake halikuwa jambo la kuchekesha. Mama si mzaliwa wa huku Nyambene. Ni wa Mbeere, kule chini Embu ambako jua likianza kazi asubuhi halipumziki. Aliolewa huku juu kwenye baridi na migomba. Baba alipofariki, nikiwa darasa la tatu, yeye akaingia kwenye kazi ya kufunga miraa. Kazi hiyo hufanywa ndani. Miraa ikipigwa na jua hunyauka, na ikinyauka hakuna anayeitaka, kwa hiyo wafungaji hukaa katika banda lenye giza kidogo, magunia yaliyoloweshwa yakining'inia mlangoni. Hufunga vibunda upesi, huvifunika kwa majani ya mgomba, na kibunda kilichokamilika hakionyeshwi jua hata kidogo. Mama ni fundi wa kazi hiyo. Wanunuzi wa Laare na Maua wanaijua mikono yake. Na kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua vizuri, akirudi nyumbani alinilea hivyo hivyo.

Nilienda shule na kofia, sweta na mwavuli, mvua iwepo isiwepo. Wenzangu walichunga mbuzi na kuchota maji, mimi niliosha vyombo jikoni. Wakati wa kucheza, mimi nilicheza barazani, na kivuli cha paa kikisogea nami nilitakiwa kusogea. Watoto wa jirani waliniita Mama Mwavuli. Sikuwa na ndugu wa kugawana naye ulinzi huo, ulikuwa wangu wote. Mara moja moja nilimuuliza, "Mama, kwani jua lilikukosea nini?" Alinijibu jibu moja kila mara: "Soma kitabu."

Basi nikasoma kitabu. Nilipomaliza chuo nilipata kazi hapo hapo Maua, ya kusikiliza sauti za watu wa nchi za mbali kwenye kompyuta na kuandika wanachosema. Tulikuwa sita, katika chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mapazia yalifungwa siku nzima ili mwanga usituharibie kuona skrini. Niliingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, na chakula cha mchana nilikila pale pale, vipokea sauti vikiwa shingoni. Jumamosi ni kazi za jikoni nyumbani, Jumapili ni kanisani, halafu kulala. Mama alikuja kuiona ofisi wiki ya kwanza. Hakuuliza mshahara wala jina la mkubwa wangu. Alilishika lile pazia zito, akalipapasa kama anayenunua kitambaa, akasema, "Hapa ni pazuri." Macho yake yalikuwa na machozi. Nilimpenda sana siku hiyo, nami bado nampenda kwa sababu ya siku hiyo.

Nilikaa nyuma ya pazia lile miaka mitatu. Mwaka wa tatu miguu ikaanza kunigomea.

Ilianza na ngazi. Nilikuwa nikizipanda mbio, kisha nikawa nazipanda nikishika ukuta, kisha nikawa napumzika katikati nikijifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Mapaja yalikosa nguvu. Mfupa wa mguu, hapa mbele, ukiubonyeza kwa kidole uliuma. Nyumbani tunakaa kwenye vigoda jikoni, na nikitaka kuinuka ilinibidi niweke mikono juu ya magoti nijisukume. Mama alikuwa akiinuka kabla yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

"Wewe umezeeka kabla ya kuzaa," mwenzangu mmoja wa ofisini aliniambia.

Mama alipambana na ugonjwa huo kwa kila alichojua. Alinichemshia supu ya mifupa siku nne mfululizo. Alinichua mapaja kwa mafuta ya moto mpaka nikalia. Aliwaomba akina mama wa kanisa waniombee, wakaja, wakaomba, wakanywa chai. Alilaumu viatu vyangu, halafu akakilaumu kiti cha ofisini. Mwisho alisema twende Meru mjini kwa daktari, nikamwambia nitaenda peke yangu. Namshukuru Mungu kwamba nilienda peke yangu.

Daktari alikuwa msichana wa rika langu, mwenye sauti ya taratibu. Alinibonyeza mfupa wa mguu, akaniambia niinuke kitini bila kutumia mikono, akatazama nikishindwa. Kisha akauliza, "Jua unapata saa ngapi?"

"Mimi sina shida na jua," nikasema kwa majivuno. "Kazi yangu ni ya ndani."

Akaweka kalamu mezani.

Damu ilichukuliwa, nikaambiwa nirudi baada ya wiki. Niliporudi aliniambia mwili wangu hauna vitamini D ya kutosha, tena iko chini sana. Alieleza polepole, kama anayejua kwamba nitabisha. Vitamini hiyo mwili huitengeneza wenyewe ngozi ikiguswa na jua. Ikikosekana, hata ule vizuri namna gani, mifupa haipati kalsiamu yake, inalegea, na misuli nayo inachoka. Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji kukaa juani zaidi kidogo, ndiyo sababu kujificha kunatuumiza zaidi. Akasema siku hizi anawaona wengi wa umri wangu: wa maofisini, wa madukani, wanafunzi wanaoshinda vyumbani na simu.

Nilikasirika. "Hapa Meru? Ikweta imepita hapo nje ya mlango wako."

"Imepita," akasema. "Lakini haiingii ndani ya pazia."

Alinipa kidonge kikubwa cha kumeza mara moja kwa wiki. Akaniambia ninywe maziwa, nile mayai na omena, na karibu kila siku, saa nne hivi au saa tano asubuhi, nikae juani nusu saa, mikono na miguu ikiwa wazi. Akanionya kwamba nikipuuza, mfupa unaweza kuvunjika kwa kuteleza tu. Halafu akauliza kama nina swali. Nilikuwa na swali moja ambalo yeye hangeweza kulijibu: nitamwambiaje mama?

Kwa sababu njia nzima ya kurudi Maua sikuifikiria miguu yangu. Nilimfikiria yeye na lile pazia. Nilimfikiria akiwa amesimama kanisani. Mtu amekunyima jua miaka ishirini na sita kwa mapenzi matupu, amejisifu kwa hilo mbele ya watu, halafu umwendee na karatasi inayosema hicho ndicho kilichokuangusha. Singeweza. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimekata shauri. Nilitaka mambo mawili: miguu yangu irudi, na mama asijue kamwe ugonjwa ulitoka wapi.

"Amesema nini?" akaniuliza nikiwa bado mlangoni.

"Madini yamepungua."

"Madini gani?"

"Ya mifupa."

Akatikisa kichwa. "Nilijua. Ni hicho kiti."

Vidonge nilivificha ndani ya mkebe ninamowekea vifungo na nyuzi za kushonea, chini ya kitanda. Maziwa na mayai hayakuwa na shida, mama angeninywesha maziwa hata usingizini. Shida ilikuwa jua. Nyuma ya jengo la ofisi kulikuwa na tangi la maji na kipande cha saruji. Nikaomba ruhusa ya nusu saa asubuhi, nikawa nakaa pale suruali imekunjwa mpaka magotini, mikono wazi. Wenzangu walichungulia dirishani na kutangaza, "Mjusi ametoka." Sikuwajali. Tatizo ni kwamba Juni ilikuwa imefika, na anayeijua Nyambene anajua ukungu wa Juni. Nilikuwa nikikunja suruali, jua linaingia nyuma ya wingu. Nikiikunjua, linatoka. Siku nyingi nilirudi juu na baridi tu.

Jumamosi nilijaribu nyumbani. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu ili nipate kuzianika. Mama alikuwa akiita kutoka jikoni, "Anika haraka uingie." Nami niliingia.

Halafu mama akabadilika. Sikumbuki ni wiki gani hasa. Nilianza kuona ananituma nje. Nenda uone kuku wako wangapi. Nenda uangalie kama mama wa ng'ambo amefungua duka. Kaa na hayo maharagwe hapo uani, yanakauka, kuku wasiyale. Asubuhi moja lilitoka jua zuri, akanipa leso sita za kuanika, moja moja, kila nikirudi ananipa nyingine. Nilifikiri umri umeanza kumsahaulisha sheria zake. Nilisikitika kidogo, na pia nilifurahi, kwa maana sasa kumdanganya kulikuwa rahisi. Mimi hujiona mwerevu, na marafiki zangu watakuambia ndiyo tabia yangu mbaya kuliko zote.

Jioni moja alikuwa anakoroga uji, akasema bila kunitazama, "Cucu yako amepiga simu." Cucu ni nyanya, mama yake mama, anayekaa Mbeere. "Ndege wanamaliza mawele. Anataka mtu wa kumsaidia kuwafukuza. Omba ruhusa kazini uende."

"Mimi? Shambani?"

"Kwani wewe ni wa kunywa chai peke yake?"

"Na jua je?"

Akaendelea kukoroga. "Utavaa kofia."

Nilipewa ruhusa ya mwezi mmoja. Mama mwenyewe ndiye aliyenipangia mkoba. Nilipoufungua Mbeere nilikuta omena, mayai yaliyofungwa kwenye magazeti, pakiti za maziwa, na blauzi zangu zote za mikono mifupi. Kofia haikuwamo. Nilidhani ameisahau.

Cucu hajui mwaka aliozaliwa, na hatutaki kukisia. Ni mwembamba, mweusi, amenyooka, na huenda sokoni kwa miguu akiwa na kikapu mgongoni kilichofungwa kamba kwenye paji la uso. Alinitazama nikitoka barabarani, mwendo wa hatua na kupumzika, asiseme kitu mpaka nilipofika.

"Huyu ni mche wa kitaluni," akasema. "Ukipandwa leo, kesho unalala."

Shamba lake la mawele lilikuwa limekomaa, masuke yamejaa, na katikati yake kulikuwa na ulingo: jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya nguzo nne, la kusimama mtu anayeamia ndege. Kuamia ni kazi yenye kelele. Unapiga mayowe, unavuta kamba zilizofungwa makopo, unarusha udongo kwa kombeo. Ukinyamaza kidogo, kundi la kwelea linashuka, na likiinuka suke limebaki kijiti. Ulingo ulikuwa na ngazi ya miti mitano. Siku ya kwanza nilipanda mti mmoja. Nilipojaribu wa pili paja lilitetemeka, nikabaki nimekumbatia nguzo. Cucu alinishusha kwa kunishika kiunoni, mwanamke wa miaka ile akimshusha mjukuu wake, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona ofisini wala shuleni.

"Utakaa chini uvute makopo," akasema. "Ndege hawajui uko wapi."

Ikawa hivyo. Alfajiri yeye alikuwa juu, mimi chini na kamba zangu, na jioni pia. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Kila siku saa nne asubuhi, wakati ndege wameshiba na wametulia kwenye miti, Cucu aliniita nikakae kwenye jiwe katikati ya uwanja.

"Cucu, saa hii hakuna ndege."

"Wanaweza kuja. Kunja hiyo mikono ya blauzi ifike mabegani. Na sketi ipandishe, hakuna mwanamume hapa."

Nilikaa. Alikaa karibu nami kivulini, akichambua ndengu, kile kisimu chake kidogo cha vibonye kikiwa mapajani. Kila siku simu hiyo ililia mara moja tu, ikakatika. Hakuipokea. Alisema, "Inatosha, ingia," nami niliingia. Nilimuuliza ni nani anayembipu kila siku bila kusema neno. Akanijibu kwamba dunia ina watu wengi.

Nilifurahi mno kwa bahati yangu. Nilikuwa nimepata jua, tena bila kumwambia mtu yeyote lolote. Kila Jumapili nilimeza kidonge nikiwa nimegeukia ukuta. Na miguu ikaanza kusikia. Haikuwa siku moja. Kwanza niligundua kwamba nimeinuka kwenye kigoda bila kufikiria. Wiki iliyofuata nilipanda miti miwili ya ngazi, halafu mitatu. Mfupa ukiubonyeza ulikuwa bado unauma, lakini si kwa nguvu ile. Ngozi yangu ilikuwa imekolea, nikijitazama kwenye kioo cha Cucu naona nafanana naye. Mchana mmoja nilimpikia chakula nikiwa nimesimama mwanzo hadi mwisho, na nikaimba.

Wiki ya nne, siku ya soko, nilikuwa kwenye jiwe langu, mikono wazi, sketi juu ya magoti, nimefumba macho. Simu ya Cucu haikulia. Nikafumbua macho nimuulize saa ngapi, nikamwona mama yangu amesimama mwisho wa uwanja.

Mama hakuwa amekanyaga shamba lile tangu nilipozaliwa. Tukija kumsalimia Cucu, yeye hukaa ndani ya nyumba mpaka saa ya kuondoka. Sasa alikuwa ameweka mkoba wake chini, mbele ya mawele, ananitazama. Niliteremsha sketi. Nilivuta mikono ya blauzi, ambayo haikuvutika, ilikuwa mifupi. Nikaanza kusema nilitoka tu sasa hivi, nilikuwa natafuta kuku, kwamba hata kofia—

"Kaa," akasema. "Bado dakika kumi. Leo sikubipu kwa sababu nilikuwa nakuja mwenyewe."

Nilimtazama Cucu. Cucu alikuwa ameinamia ndengu zake.

Mama akaja akachuchumaa karibu na jiwe, pale pale juani. "Nilikuwa natafuta uzi," akasema. "Nishone ile blanketi. Nikafungua mkebe yako. Nikachukua hiyo karatasi ya dawa nikaenda nayo kwa duka ya dawa, nikauliza hii ni ya nini. Yule kijana akaniambia ni ya watu wanakosa jua. Nikamwambia umekosea, angalia tena. Akaangalia tena."

Akaokota suke lililoanguka, akalipukusa kiganjani.

"Nilikaa kwa benchi yao mpaka wakaniuliza kama mimi ndio mgonjwa. Halafu nikauliza jua inatakiwa saa ngapi, nikarudi nyumbani, nikarudisha dawa vile ilikuwa."

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Wewe mbona hukuniambia?"

Nililia. Nilimwambia nilikuwa naogopa aumie, nilitaka nipone kwanza, nipone kabisa, ajue hakuna ubaya uliotokea. Nilimwambia hakunifanyia mabaya yoyote.

"Najua sikufanya kwa ubaya," mama akasema. "Lakini ni mimi nilifanya."

Kisha akanyoosha mkono kuonyesha mahali, kando ya mgunga mmoja upande wa pili wa shamba. Kwa mara ya kwanza maishani nilipata jibu la swali nililouliza tangu utotoni.

"Ulingo ya wakati wangu ilikuwa pale. Nilikuwa mwaka wa mwisho shule ya msingi. Mvua ilikuwa imepotea, na hiyo mawele iliyotoka ndiyo peke yake tulikuwa nayo. Nikawekwa hapo juu. Niliambiwa ni wiki mbili. Kutoka asubuhi mpaka jua ishuke, kila siku, mpaka ngozi ya midomo ikatoka. Siku ya mtihani, wenzangu walipita hapo chini kwa barabara na sare zao. Mimi niko juu, napigia ndege kelele. Hawakuangalia juu. Walikuwa wanaona aibu kwa ajili yangu. Basi nikaangalia hiyo jua nikaiambia, mtoto wangu hutampata."

Ndengu zilikuwa zimeacha kusikika kwenye ungo.

"Ni mimi nilimweka," Cucu akasema kutoka kivulini. Hakusema kwa kujitetea. "Tungekula nini?"

"Najua, Mami," mama akamjibu. "Tulikula."

Tukakaa hivyo, sisi watatu, kila mmoja na lake. Nilikuwa nimewatazama wanawake hawa wawili maisha yangu yote nikidhani mmoja ni mkali na mwingine ni mwenye wasiwasi. Kumbe kila mmoja alikuwa ameutoa mwili wake mzima kwa ajili ya mtoto mmoja, akakosea kidogo, kisha akaendelea kupika. Niliwapenda wote wawili.

Mama ndiye aliyeinuka kwanza. Akapangusa sketi yake. "Panda nione," akasema.

"Nini?"

"Ulingo. Sikuja mbali hivi kuangalia ukikaa."

Nikaenda. Mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne nilikuwa sijawahi kuufikia. Mapaja yalitetemeka, nikapumzika, nikasikia mama amekuja nyuma yangu, amesimama chini kabisa ya ngazi na mikono yake miwili juu, kama anavyosimama mtu nyuma ya mtoto anayejifunza kutembea. Hakunishika. Nikapanda wa nne. Nikapanda wa tano, nikajivuta juu ya jukwaa, nikasimama. Mawele yalikuwa chini yangu pande zote. Nikageuka kumwonyesha.

Kitambaa chake kilikuwa kimeanguka mabegani alipoinua kichwa kunifuata kwa macho. Nimeishi na mama yangu katika vyumba vyenye mapazia, katika jiko lenye moshi, katika banda la miraa lenye magunia mlangoni. Sikuwa nimewahi kumwona katika jua lote, kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Hazikuwa na mvi za hapa na pale, zilikuwa nyeupe zote. Uso ulikuwa na mistari mingi ambayo sikuijua hata mmoja. Alikuwa akitabasamu, macho yamejikunja kwa mwanga, na mikono yake bado ilikuwa juu, ikiningoja nianguke.

Kundi la ndege likashuka upande wa mgunga. Sikulifukuza. Niligeuka nikashuka ngazi, mti baada ya mti, haraka kuliko nilivyopanda.

"Mbona umeshuka?" akaniuliza. "Nusu saa yako haijaisha."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi. Nikamwambia yangu itangoja, nikampeleka kivulini, nikamwekea kigoda, naye akakaa.